Joto kazini: Jihadhari na wiki ya kwanza

Na Daktari Wetu

MTU akianguka kazini wakati wa jua kali, wengi wetu husema kapigwa na jua. Tunammwagia maji kidogo usoni, tunamlaza chini ya mti, kisha tunarudi kazini. Mara nyingi huamka. Lakini kuna siku haamki, na hapo watu huanza kuulizana kama alikuwa na malaria, kifafa au amerogwa.

Mpenzi msomaji, joto ni hatari ya kazini kama zilivyo mashine zisizokingwa na vumbi la machimboni. Lina dalili zake na lina kinga yake. Tena lina watu linaowaandama. Wengi hudhani ni wazee na wagonjwa. Hao wamo, lakini kazini anayetangulia kuanguka aghalabu ni kijana mwenye nguvu aliyeandikwa juzi.

Idara inayosimamia usalama wa wafanyakazi nchini Marekani imechunguza vifo vilivyoletwa na joto kazini. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa katika siku yao ya kwanza ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 walikufa katika wiki ya kwanza. Takwimu hizo ni za huko, lakini mwili wa binadamu ni mmoja.

Kwa hivyo ikiwa una mwana, ndugu au jirani anayeondoka Kisii, Nyeri au Kakamega kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, machimbo ya mawe ya Kilifi, bandari ya Mombasa, Magadi au nchi za Ghuba, msomee makala haya kabla hajafunga safari.

Mwili hupoaje?

Joto la kawaida la mwili ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi. Katika kila sehemu nne za nguvu ambazo misuli hutumia, karibu tatu hugeuka kuwa joto, na moja tu ndiyo inayoinua gunia au kukata jiwe. Joto hilo lisipopata njia ya kutoka, hujikusanya ndani ya mwili.

Mwili hulitoa kwa njia mbili kubwa. Kwanza, moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe. Pili, mwili hutoa jasho, na jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Zingatia neno hilo, linapokauka. Jasho linalodondoka chini halijapoza chochote. Ni maji yaliyopotea bure.

Ndiyo maana joto la Lodwar na la Mombasa si sawa. Lodwar joto huweza kufika nyuzi 38, lakini hewa ni kavu na jasho hukauka upesi hata mtu asilione. Mombasa kipimajoto huenda kikaonyesha nyuzi 32 tu, lakini wakati wa kaskazi hewa imejaa unyevu, na mchukuzi hutota kama aliyenyeshewa. Fukuto hilo laweza kuulemea mwili kuliko jua kavu la bara. Naye aliye Lodwar asidanganyike kwamba hapotezi maji kwa sababu tu shati lake ni kavu.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya ya kazini hawategemei kipimajoto cha kawaida peke yake. Hutumia kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, upepo na miale ya jua. Kipimo hicho kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya askari wa Marekani waliokuwa wakianguka mazoezini.

Wala usifikiri hatari iko juani tu. Mwoka mikate aliye mbele ya tanuri, mfua vyuma, mpishi wa hoteli na dobi anayepiga pasi katika chumba kisicho na dirisha wamo katika hatari hiyo hiyo, hata mvua ikiwa inanyesha nje.

Kwa nini mgeni?

Mwili hujifunza kuishi na joto. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku, kwa kuongeza muda pole pole, mwili wake hubadilika. Jasho huanza kutoka mapema na huwa jingi zaidi. Chumvi inayotoka na jasho hupungua. Maji katika damu huongezeka, na moyo hupiga taratibu zaidi kwa kazi ile ile. Mabadiliko haya huchukua siku 7 hadi 14. Hayaletwi na ushujaa, wala hayaharakishwi na kelele za nyapara.

Elimu hii si ngeni. Katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, wachimbaji walikuwa wakifa kwa kiharusi cha joto katika miaka ya 1920. Madaktari wa huko walitambua kwamba mgeni ndiye aliyekuwa hatarini zaidi, na utaratibu ukawekwa wa kuwazoesha wachimbaji wapya kabla ya kupewa kazi kamili chini ya ardhi. Karibu miaka 100 baadaye, kuna waajiri wengi ambao bado humpa mgeni sururu asubuhi na kutarajia kazi ya mwenyeji ifikapo adhuhuri.

Mgeni mwenyewe huzidisha hatari. Anataka kuonyesha kwamba kazi anaiweza, na anaogopa kuambiwa asirudi kesho. Ikiwa analipwa kulingana na kiasi anachomaliza, humtazama mwenzake aliye na miaka mitano kazini na kujaribu kwenda naye sambamba. Hajui kwamba mwenyeji yule hunywa maji kabla ya kiu na huketi kabla ya kuchoka.

Tena hata mwenyeji huweza kugeuka mgeni. Akienda likizo bara kwa wiki moja, mwili wake huanza kusahau joto. Akikaa mwezi, umesahau karibu kabisa. Hali kadhalika mtu aliyetoka kuugua malaria au kuhara asirudishwe kwenye kazi nzito juani siku ya kwanza anapojihisi nafuu.

Ratiba ya kumzoesha

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani inapendekeza mgeni afanye asilimia 20 ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Kwa kazi ya saa nane, hesabu huwa hivi:

Siku ya 1: karibu saa moja na nusu kwenye joto.

Siku ya 2: karibu saa tatu.

Siku ya 3: karibu saa tano.

Siku ya 4: karibu saa sita na nusu.

Siku ya 5: saa zote nane, huku akiangaliwa kwa karibu.

Mtu aliyeizoea kazi hiyo lakini akakaa nje kwa muda anaweza kuanza na nusu ya muda siku ya kwanza, asilimia 60 siku ya pili, asilimia 80 siku ya tatu, na muda wote siku ya nne.

Saa zinazobaki si lazima mtu akae bure. Anaweza kupewa kazi ya kivulini: kushona magunia, kuhesabu mzigo, kunoa vifaa au kuteka maji. Mwajiri asiyeweza kufuata ratiba hii yote, angalau amwanzishe mgeni kwa saa za asubuhi, kabla jua halijapanda.

Dalili za hatari

Joto humshika mtu kwa hatua. Huanza na harara kwenye ngozi, na misuli ya miguu, mikono au tumbo kukakamaa kwa maumivu. Hizo ni salamu za kwanza, usizipuuze.

Hatua ya pili ni uchovu wa joto. Mtu hutokwa na jasho jingi, kichwa humuuma, hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, moyo humwenda mbio na miguu hukosa nguvu. Mkojo huwa kidogo na wa rangi ya chai. Huyu bado anajijua na anaweza kujibu maswali. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mpoze kwa maji na upepo, na umpe maji anywe pole pole. Asirudi kazini siku hiyo. Akitapika, au hali isipokuwa nafuu katika nusu saa, apelekwe hospitalini.

Hatua ya tatu ni kiharusi cha joto. Hapa joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, na ubongo umeanza kudhurika. Ishara kubwa iko katika akili. Mtu hupayuka, hujibu ovyo, huwa mkali bila sababu, hupepesuka kama mlevi, huzimia au hutetemeka kama mwenye kifafa.

Watu wengi husubiri kuona ngozi kavu ndipo waamini. Msomaji, usisubiri hilo. Mfanyakazi wa sulubu huweza kupatwa na kiharusi cha joto akiwa bado analowa jasho. Wala usikimbilie kusema amepandwa na pepo au amelewa. Mtu aliyekuwa timamu saa moja iliyopita, kazini, kwenye joto, akaanza kusema yasiyoeleweka, mchukulie kuwa ana kiharusi cha joto.

Mpoze kwanza

Katika kiharusi cha joto dakika zina thamani kubwa. Mwili ukishushwa joto katika nusu saa ya kwanza, matumaini ya kupona ni makubwa. Ukichelewa, ubongo, ini, figo na misuli huharibika. Kwa hivyo kanuni ni hii: mpoze kwanza, hapo hapo alipoanguka, huku mwingine akitafuta gari.

Mpeleke kivulini na umvue nguo za juu. Kama kuna pipa, karai kubwa au hodhi la maji baridi, mtumbukize mwili hadi shingoni, na mtu amshike kichwa kisizame. Kama hakuna, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma na mpepee kwa nguvu kwa kadibodi, leso au chochote kilichopo. Kama kuna barafu, na kwa wauza samaki haikosekani, ifunge kwa kitambaa uiweke shingoni, makwapani na kwenye kinena. Endelea kummwagia maji na kumpepea hata mkiwa ndani ya gari.

Usimnyweshe kitu mtu asiyejifahamu. Maji yataingia mapafuni. Mlaze ubavu. Usimpe parasetamoli wala aspirini. Dawa hizo hushusha homa ya ugonjwa, hazishushi joto hili, na zinaweza kuliumiza ini na kuzidisha kuvuja damu. Kama kuna shaka ya malaria, itapimwa hospitalini. Kumpoza hakumdhuru mwenye malaria, lakini kungoja majibu ya malaria humuua mwenye kiharusi cha joto.

Maji, kivuli na mapumziko

Kinga yenyewe ni rahisi kueleza. Mfanyakazi kwenye joto anywe kikombe kimoja cha maji, karibu robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungojea kiu. Kiu huja ikiwa imechelewa. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwa maana maji mengi mno kwa mara moja huipunguza chumvi ya damu, nayo ni hatari nyingine.

Mwajiri apige hesabu. Watu 20, kila mmoja lita 6 kwa siku, ni lita 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Maji yawe safi, yawe karibu na mahali pa kazi, na yawe kivulini. Mtungi ulio mwendo wa dakika kumi hakuna anayelipwa kwa kazi anayomaliza atakayeufuata.

Mtu anayekula vizuri hupata chumvi ya kutosha katika chakula chake. Anayetoka jasho kwa saa nyingi anaweza kunywa pia madafu, uji mwepesi, au maji ya chumvi na sukari kama yale ya mtoto anayehara: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usimeze chumvi kavu.

Kivuli si lazima kiwe jengo. Turubai juu ya nguzo nne au kibanda cha makuti chatosha, mradi upepo upite. Kazi nzito zaidi zifanywe asubuhi na jioni. Nguo ziwe za pamba, nyepesi na za kupwaya, na kofia iwe pana. Watu wafanye kazi wawili wawili, ili kila mmoja amtazame mwenzake, kwani anayepatwa na kiharusi cha joto mara nyingi hajitambui.

Miraa, pombe na dawa

Kuna vitu ambavyo humsaidia adui. Miraa na muguka huongeza mapigo ya moyo na joto la mwili, tena huficha uchovu ambao ungemwambia mtu aketi. Pombe ya jana usiku, iwe mnazi au bia, huukausha mwili kabla ya kazi ya leo.

Baadhi ya dawa pia huongeza hatari: dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usiziache kwa sababu umesoma makala haya. Mwambie daktari wako kwamba unafanya kazi kwenye joto, naye ataona la kufanya. Mama mjamzito naye apunguziwe kazi ya juani, kwani joto lamdhuru yeye na mtoto.

Madhara ya pole pole

Joto linaweza kumdhuru mtu ambaye hajaanguka hata siku moja. Huko Nicaragua na El Salvador, maelfu ya wakata miwa, wengi wao vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamekufa kwa ugonjwa wa figo. Watafiti wanahusisha maradhi hayo na kazi ya sulubu kwenye joto, siku baada ya siku, bila maji na mapumziko ya kutosha. Pale wakata miwa walipopewa maji, vivuli vya kuhamishwa na vipindi vya kupumzika, uharibifu wa figo ulipungua. Mkata miwa wa Muhoroni au Kwale ana figo zile zile.

Haki yako

Mwaka 2024, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupindukia kazini, na kwamba karibu 18,970 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuweka maji safi ya kunywa ya kutosha karibu na wafanyakazi. Inamtaka pia mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na asilazimishwe kurudi hapo hadi iondolewe. Malalamiko hupelekwa kwa maafisa wa Idara ya Usalama na Afya Kazini.

Wanaokwenda Ghuba wajue kwamba wakati wa baridi yetu ya Juni hadi Agosti ndio wakati wa joto kali kule. Anayetoka Nairobi Julai hufika katika nyuzi 45 bila mwili kupata nafasi ya kujiandaa. Qatar, kwa kanuni ya 2021, inakataza kazi za nje kati ya saa nne asubuhi na saa tisa unusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Saudi Arabia inakataza kazi za juani saa sita mchana hadi saa tisa, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Lakini makatazo haya ni ya kazi za nje. Dada anayefanya kazi jikoni hayamgusi, kwa hivyo ajue kujilinda mwenyewe kwa maji na mapumziko.

Kwa mwajiri anayehofia hasara, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Hali ya Hewa Duniani walieleza katika ripoti yao ya Agosti 2025 kwamba kazi inayotoka hupungua kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja inayopita 20 katika kile kipimo cha jumla tulichokitaja. Dakika kumi za kivuli ni nafuu kuliko hasara hiyo, na ni nafuu zaidi kuliko jeneza.

Msomaji, kesho ukifika kazini uliza ni nani ameanza wiki hii, na ni nani aliyerudi kutoka likizo au kitandani. Mwonyeshe yalipo maji. Mwambie aketi unapoketi. Na akianza kusema maneno yasiyoeleweka, usimcheke, shika ndoo ya maji.